Sukari na macho: Usingoje jicho likwambie

Na Daktari Wetu, Malindi

Mzee mmoja wa hapa Shella, aliyefanya unahodha kwa miaka mingi, alikuja kwangu asubuhi moja akiwa ameshikwa mkono na mjukuu wake. Baada ya salamu akasema: "Mwanangu daktari, nataka uniandikie miwani. Siku hizi siwezi kupisha mshipi kwenye ndoana, na tangu juzi naona kitu kama utando wa buibui kinapita mbele ya jicho."

Nilimfunika jicho la kushoto kwa kipande cha karatasi ngumu, akasoma safu tatu za juu za herufi zilizobandikwa ukutani. Kisha nikahamisha karatasi na kulifunika jicho la kulia. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza: "Mbona sasa umenifunika yote mawili?"

Sikuwa nimemfunika yote mawili. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha kupoteza nuru, naye hakuwa na habari, kwa kuwa jicho la kulia lilikuwa likifanya kazi ya macho mawili.

Mzee huyu alikuwa mgonjwa wangu wa kisukari kwa miaka sita. Kila alipokuja nilimpima sukari, nikamwandikia vidonge na kumkagua miguu kama ina vidonda. Macho yake sikuwahi kuyapeleka kwa mtaalamu, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kuyalalamikia. Kosa hilo lilikuwa langu, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Msomaji, jambo ninalotaka ulishike leo ni moja. Kwa mtu mwenye kisukari, kuona vizuri si ushahidi kwamba macho ni mazima. Maradhi haya huanza na kuenea wakati mwenye macho bado anasoma gazeti bila taabu. Anayengoja mpaka aone kiza ndipo aende kupimwa, mara nyingi huwa amechelewa.

Habari njema ni kwamba mambo yanayoongeza hatari ya kupofuka yanajulikana, na mengi yake yanaweza kupimwa na kudhibitiwa. Tuyatazame moja baada ya jingine.

SUKARI HUFANYA NINI JICHONI?

Ndani ya jicho, upande wa nyuma, kuna utando mwembamba uitwao retina. Utando huu ndio unaopokea mwanga na kuugeuza kuwa habari inayopelekwa kwenye ubongo. Ili ufanye kazi yake, retina hulishwa na mishipa ya damu iliyo midogo sana, mingine myembamba kuliko unywele.

Kila mwenye nyumba hapa Pwani anajua jinsi maji ya chumvi yanavyokula mabomba. Hayalipasui bomba siku ya kwanza. Hulila polepole kwa ndani, na mwenye nyumba hana habari mpaka ukuta uanze kulowa. Damu yenye sukari nyingi huifanyia mishipa ya retina jambo linalofanana na hilo.

Kwanza kuta za mishipa hudhoofika na kufanya vivimbe vidogo, na baadhi huanza kuvuja maji, mafuta na damu. Mvujo huo ukifika katikati ya retina, mahali tunapotumia kusomea na kutambua nyuso za watu, sehemu hiyo huvimba na maandishi huanza kupinda au kufifia.

Mishipa mingine huziba kabisa. Hapo retina hukosa hewa safi, na katika kujitetea huotesha mishipa mipya. Kwa bahati mbaya mishipa hiyo mipya ni hafifu. Hupasuka kwa urahisi na kumwaga damu ndani ya jicho, na ndio ule utando wa buibui alioniambia mzee wetu. Baadaye hufanya makovu, na makovu yakijikunja huweza kuivuta retina na kuibandua kutoka mahali pake.

Haya yote hayana maumivu. Jicho halivimbi wala haliwashi wala haligeuki rangi. Ndiyo maana wagonjwa wengi hushangaa wakiambiwa kwamba uharibifu huo una miaka kadhaa.

Kando na retina, kisukari huleta mtoto wa jicho mapema kuliko kawaida, na pia huongeza hatari ya presha ya jicho, maradhi ambayo huua mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo. Mtoto wa jicho huweza kuondolewa kwa upasuaji. Nuru iliyopotea kwa presha ya jicho hairudi.

NI NANI ALIYE HATARINI ZAIDI?

Kila mwenye kisukari yumo hatarini, awe ni yule wa aina ya kwanza, ambaye mara nyingi huanza utotoni na huhitaji insulini, au yule wa aina ya pili, ambaye ndiye tunayemwona zaidi miongoni mwa watu wazima. Lakini hatari hiyo haiko sawa kwa wote. Yafuatayo ndiyo mambo yanayoizidisha.

1. Miaka ya kuishi na kisukari

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote, nalo haliwezi kubadilishwa. Uchunguzi mashuhuri uliofanywa katika jimbo la Wisconsin, Marekani, kuanzia mwaka 1980, ulionyesha kwamba baada ya miaka 20 ya ugonjwa, karibu wagonjwa wote wa aina ya kwanza na zaidi ya nusu ya wale wa aina ya pili walikuwa na dalili fulani za uharibifu katika retina. Wengi wao hawakuwa vipofu, lakini mlango ulikuwa umekwisha funguliwa.

Taabu ni kwamba mgonjwa wa aina ya pili huhesabu miaka yake vibaya. Yeye huhesabu tangu siku aliyoambiwa na daktari, hali ugonjwa ulikuwamo mwilini miaka kadhaa kabla ya siku hiyo. Hapa Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu watu wazima 9 katika kila 10 hawakuwa wamepimwa sukari hata mara moja. Kwa hiyo yule anayesema "sukari yangu ni ya mwaka jana tu" huenda ameishi nayo miaka mitano au zaidi, na baadhi ya wagonjwa hukutwa na madoa ya damu kwenye retina siku ile ile wanapogunduliwa.

2. Sukari isiyodhibitiwa

Kipimo cha kidole hukuonyesha sukari ya saa hiyo. Mgonjwa aliyelala na njaa jana ili amfurahishe daktari leo atapata jibu zuri, lakini mishipa yake ya retina haidanganyiki. Ndiyo maana tuna kipimo kingine kiitwacho HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari kwa muda wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Kwa watu wazima wengi wenye kisukari lengo ni kukiweka karibu na asilimia 7 au chini yake, ingawa kwa wazee na wenye maradhi mengine daktari huweza kuweka lengo lililo jepesi zaidi.

Faida yake si ndogo. Mwaka 1993 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Marekani na Kanada kwa wagonjwa 1,441 wa aina ya kwanza. Wale ambao hawakuwa na dalili za retina mwanzoni, na ambao sukari yao ilidhibitiwa kwa makini, hatari yao ya kupata ugonjwa huo ilipungua kwa asilimia 76. Mwaka 1998 uchunguzi mwingine mkubwa wa Uingereza ulithibitisha kwamba hata wagonjwa wa aina ya pili hufaidika, kwani madhara ya mishipa midogo, yakiwamo ya macho, yalipungua kwa robo.

3. Shinikizo la damu

Wengi hudhani presha ni habari ya moyo na kiharusi tu. Lakini mishipa ya retina ambayo imekwisha dhoofishwa na sukari haiwezi kustahimili damu inayosukumwa kwa nguvu. Ni kama kufungulia maji kwa kasi kwenye bomba lililooza.

Uchunguzi huo huo wa Uingereza ulionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari ambao presha yao ilidhibitiwa vyema walipunguza kwa karibu nusu hatari ya kupungukiwa na uwezo wa kuona. Kwa jumla presha isizidi 140 juu ya 90, na wagonjwa wengi hushauriwa kuifikisha chini ya 130 juu ya 80. Ikiwa una sukari na presha pamoja, usiache vidonge vya presha kwa sababu tu unajisikia vizuri.

4. Figo, mafuta na upungufu wa damu

Figo na retina ni ndugu. Zote mbili hutegemea mishipa midogo ya aina moja, na moja ikiharibika ni nadra nyingine kusalimika. Mgonjwa ambaye mkojo wake umeanza kuonyesha protini anapaswa kupimwa macho bila kuchelewa. Kadhalika, mafuta mengi katika damu huongeza mvujo kwenye retina, na upungufu wa damu huinyima hewa retina ambayo tayari ina dhiki.

5. Mimba

Mwanamke ambaye alikuwa na kisukari kabla ya kushika mimba anahitaji uangalizi maalum. Mimba huweza kuharakisha ugonjwa wa retina kwa muda wa miezi michache tu. Anapaswa kupimwa macho kabla ya kubeba mimba au katika miezi mitatu ya kwanza, na kuendelea kufuatiliwa mpaka baada ya kujifungua. Kina mama waendao kliniki wasione haya kuuliza habari hii, kwa maana huko kliniki huangaliwa zaidi tumbo na presha.

Mama aliyepata sukari wakati wa mimba tu, hali ambayo kwa kawaida huisha baada ya kujifungua, hana hatari hiyo ya macho. Lakini naye apimwe tena sukari baada ya kujifungua na asisahau kupimwa kila baada ya muda, kwa kuwa anaweza kupata kisukari cha kudumu baadaye.

6. Tumbaku na mazoea ya baraza

Sigara hubana na kuharibu mishipa ya damu ya mwili mzima. Mwenye kisukari anayevuta sigara anawasha moto katika nyumba ambayo imekwisha shika moshi. Aidha, vijana wetu wanaokaa mabarazani wakitafuna miraa au muguka huku wakishushia soda wajue kwamba soda hizo nne au tano za jioni moja ni sukari nyingi mno, na miraa yenyewe hupandisha presha.

7. Kutopimwa macho

Nimeliweka jambo hili mwisho, lakini ndilo linalotenganisha wanaoona na wasioona. Kati ya mwaka 2007 na 2008, watafiti waliwachunguza maelfu ya watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi katika eneo la Nakuru. Miongoni mwa wale waliokutwa na kisukari, zaidi ya theluthi moja walikuwa na ugonjwa wa retina. Huko Kilimanjaro, Tanzania, ambako kamera ya macho ilichukuliwa na kupelekwa katika kliniki za kisukari, zaidi ya robo ya wagonjwa walikutwa nao.

Sasa tazama upande wa pili. Nchini Uingereza, kwa muda wa miongo mitano ugonjwa huu ndio uliokuwa ukiongoza kwa kuwapofusha watu wa umri wa kufanya kazi. Mnamo mwaka 2003 ulianza huko mpango wa taifa wa kuwapiga picha za retina wagonjwa wa kisukari kila mwaka. Hesabu za mwaka 2009 na 2010, zilizochapishwa mwaka 2014, zilionyesha kwamba huko Uingereza na Wales ugonjwa huu haukuwa tena wa kwanza. Wagonjwa wa sukari hawakupungua huko, bali waliongezeka. Watafiti wanaona kwamba kupimwa mapema, pamoja na udhibiti bora wa sukari, ni miongoni mwa sababu za mabadiliko hayo.

MANENO YA MTAANI

Katika kazi yangu husikia maneno mengi ambayo huwachelewesha watu. Haya ni baadhi yake.

"Insulini ndiyo inayopofusha." Maneno haya yamewazuia wengi kupokea tiba inayoweza kuwaokoa. Ukweli ni kwamba wagonjwa wengi huanzishwa insulini wakiwa wamechelewa, baada ya sukari kukaa juu miaka mingi, na macho yao huwa yamekwisha haribika. Akipofuka baadaye, lawama hupewa sindano.

Hata hivyo, kuna jambo moja la kweli ambalo sipendi kulificha. Sukari iliyokuwa juu sana kwa muda mrefu ikishushwa kwa ghafula, iwe kwa insulini au kwa dawa nyingine zenye nguvu, ugonjwa wa retina uliokuwamo huweza kuzidi kwa muda. Dawa ya hilo si kukataa insulini. Dawa yake ni kupimwa macho kabla au mara tu tiba inapoanza, ili daktari ajue kasi ya kwenda nayo. Kwa muda mrefu, sukari iliyotulia ndiyo inayolinda macho.

"Nimenunua miwani, itatosha." Sukari ikipanda, lenzi ya jicho hubadilika na mtu huona ukungu. Ikishuka, ukungu huondoka. Ukipimiwa miwani wakati sukari imepanda, baada ya wiki chache haitakufaa. Na miwani, hata ya bei ghali namna gani, haiwezi kuziba mshipa unaovuja nyuma ya jicho.

"Asali na tende si sukari." Ni sukari vilevile. Vina faida zake, lakini mwenye kisukari avihesabu.

"Natumia uwatu na mwarobaini." Wengine huongeza habasoda. Siwezi kukukataza kula uwatu, lakini usiache dawa ulizoandikiwa, na mwambie daktari wako unachotumia. Jambo la hatari zaidi ni kutia jichoni asali, maziwa au maji ya majani. Hayafiki kwenye retina, lakini huweza kuleta kidonda kwenye kioo cha mbele cha jicho.

"Leza itanimaliza macho." Hili nitalieleza hapa chini.

MACHO HUPIMWAJE, NA LINI?

Kusoma herufi ukutani hakutoshi. Mtaalamu anapaswa kuitazama retina yenyewe, ama kwa chombo chenye taa ama kwa kamera maalum. Mara nyingi hukutia matone ya kupanua mboni. Matone hayo hayaumizi ila huchoma kidogo, na macho hufifia kwa saa chache. Siku hiyo usiendeshe gari wala bodaboda. Nenda na mtu wa kukushika mkono, na uchukue miwani ya jua.

Mpango wa kupimwa ni huu:

Kisukari cha aina ya pili: pimwa macho mara tu unapogunduliwa, kisha kila mwaka.

Kisukari cha aina ya kwanza: pimwa ifikapo miaka mitano baada ya ugonjwa kuanza, kisha kila mwaka.

Mwenye kisukari aliye mjamzito: pimwa katika miezi mitatu ya kwanza, kisha fuata maelekezo ya mtaalamu.

Aliyekwisha kutwa na dalili: mtaalamu atakupangia tarehe za karibu zaidi, pengine kila baada ya miezi michache.

Kwa wakazi wa Malindi na Kilifi, anza na kliniki yako ya kisukari na uulize kwa maneno wazi: "Naomba barua ya kwenda kupimwa retina." Hospitali Kuu ya Pwani iko Mombasa, na hapa Pwani pamekuwako kwa miaka mingi vituo maalum vya macho kama kile cha Kwale na kile cha Lighthouse for Christ mjini Mombasa. Kabla ya kutoa nauli, piga simu uulize kama siku hiyo kuna mtaalamu wa retina na malipo ni kiasi gani. Najua nauli ya Mombasa si kitu kidogo kwa mvuvi au mama muuza mahamri. Lakini safari moja kwa mwaka ni nafuu kuliko kumlipa mtu wa kukuongoza njia maisha yako yote.

TIBA IPO

Ugonjwa ukiwa mchanga, tiba yake ni kudhibiti sukari, presha na mafuta, na kufuatiliwa. Ukiwa umeendelea, mtaalamu huweza kutumia njia tatu.

Ya kwanza ni leza, yaani mwali wa nuru unaounguza sehemu ndogo ndogo za pembeni mwa retina ili mishipa mibaya isinyae. Tangu mwaka 1976 ilithibitishwa nchini Marekani kwamba leza hupunguza hatari ya kupoteza nuru kabisa kwa zaidi ya nusu. Ni kweli kwamba huweza kupunguza kidogo uoni wa pembeni na wa usiku. Lakini kazi yake si kurudisha kilichopotea, ni kulinda kilichobaki. Wale wanaosema iliwapofusha, wengi wao waliifikia wakiwa ukingoni.

Ya pili ni sindano za dawa zinazotiwa ndani ya jicho baada ya kulitia ganzi. Dawa hizo hukausha uvimbe wa katikati ya retina na kuinyausha mishipa mipya. Mara nyingi hurudiwa mara kadhaa, kwa hivyo anayeanza asikatize njiani.

Ya tatu ni upasuaji wa kuondoa damu iliyomwagika ndani ya jicho au kuirudisha retina iliyobanduka. Huu ni upasuaji mgumu, na haupatikani kila mahali.

MEZANI NYUMBANI

Sitakuambia uache chakula cha kwenu. Nitakuomba upunguze vipimo. Mahamri mawili na mbaazi si sawa na mahamri sita. Wali wa nazi ujaze robo ya sahani badala ya kuifunika yote, na nusu ya sahani iwe mchicha, mabamia au kachumbari, pamoja na samaki. Chai ya maziwa inyweke bila sukari. Kwa wiki mbili utalalamika, kisha ulimi utazoea. Kahawa tungu haina neno, ila halua inayoandamana nayo ndiyo yenye madhara. Tembea kwa miguu nusu saa kila siku, pengine baada ya swala ya alasiri jua linapopunga.

Ukikusudia kufunga Ramadhani, muone daktari mwezi mmoja au miwili kabla, ili dawa zako zipangwe upya. Na futari ya kaimati, tambi na sharubati kwa mkupuo huifanya sukari ipande kama maji ya bamvua.

USINGOJE HATA SIKU MOJA UKIONA HAYA

Nukta nyeusi nyingi zilizozuka ghafula, kama nzi au masizi.

Mimweko ya nuru hali huko gizani hakuna taa.

Kivuli kama pazia kinachoshuka upande mmoja wa jicho.

Mistari iliyonyoka kuonekana imepinda.

Jicho moja kupoteza nuru ghafula, hata kama nuru imerudi baadaye.

Mojawapo ya hayo likikutokea, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na yule nahodha wetu? Alipelekwa Mombasa, jicho la kulia likapigwa leza mara kadhaa, na presha yake ambayo alikuwa akiipuuza ikashuka. La kushoto halikurudi. Kwa lile moja lililobaki anakwenda msikitini peke yake na kuwatambua wajukuu wake kwa nyuso. Kupisha mshipi kwenye ndoana amemwachia mjukuu.

Tangu siku ile, katika kadi ya kila mgonjwa wangu wa kisukari nimeongeza mstari mmoja: tarehe ya mwisho ya kupimwa macho. Sasa nakuomba nawe ufanye hivyo. Leo jioni chukua kadi yako, au ya mama, au ya babu, uitafute tarehe hiyo. Kisha mwambie afunike jicho moja na kutazama kalenda ya ukutani, halafu afunike la pili. Macho yasipolingana, nendeni kesho. Yakilingana, msifurahi mkalala, kwa maana nimekwisha kuambieni kwamba kuona vizuri si ushahidi. Ikiwa tarehe haipo, au imepita mwaka, ombeni barua ya kwenda kupimwa retina.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa jicho, msomaji wangu, fundi wa kuujenga upya hajapatikana.